Sura ya Sita: Mpaka Usio na Vigingi

Chome hakuna simba. Baridi ya Julai, ukungu unaoshuka kutoka Shengena mchana kweupe, migomba na kahawa iliyobanana mpaka ukingoni mwa msitu: hapo hakuna nafasi ya mnyama wa kilo karibu 200 anayeishi kwa kula pundamilia na nyati. Lakini mtu wa Chome hahitaji kwenda mbali kumkuta. Upande wa mashariki wa Milima ya Pare Kusini unaporomoka kutoka mita 2,462 za kilele cha Shengena mpaka tambarare ya Kisiwani na Gonja, na ukivuka barabara itokayo Same umeshafika mlangoni mwa nyika ya Mkomazi. Siku ya anga safi nyika hiyo huonekana ikienda, ikienda, mpaka inapopotelea kwenye vumbi la Kenya. Kutoka huko juu unaona vilima, mabwawa mawili matatu yanayong'aa, na njia za magari. Huoni jinsi ilivyogawanywa na simba, wala nani kati yao anashika kipi mwaka huu.

Mkomazi ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ina kilomita za mraba 3,245. Kaskazini haina mwisho wa kweli, kwa sababu ng'ambo ya mpaka wa nchi inaanza Tsavo Magharibi, na Tsavo zote mbili zikijumlishwa zinazidi kilomita za mraba 20,000. Tembo, pundamilia na choroa huvuka kufuata mvua, na simba huwafuata. Upande wa kusini ni habari nyingine. Kwa wanaoishi pembezoni, neno mpaka lina uchungu wake: mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakilisha ndani, Wapare, Wamaasai na wengineo, waliondolewa, na kesi waliyofungua ilifika mpaka Mahakama ya Rufani. Kila aliyewahi kulipa faini ya ng'ombe waliovuka mstari anakijua kigingi kilipo, hata gizani. Simba dume naye anaujua mpaka wake, ila huo hukaa mahali pamoja miaka miwili, pengine mitatu, kisha unahama na wenyewe.

Kundi la simba ni la majike. Mama, binti, dada na shangazi hukaa eneo moja maisha yao yote, wakirithishana visima na vivuli. Dume ni mtu wa kuja. Akifikisha miaka miwili, mitatu hivi, hufukuzwa na madume wakubwa au huondoka mwenyewe, na huondoka na rika lake: ndugu wa tumbo moja na watoto wa mama wadogo, waliozaliwa majira yale yale na kunyonyeshwa kwa pamoja bila kuulizana nani ni wa nani. Hapo ndipo ushirika wa madume unapoanzia. Vijana hao hutangatanga mwaka mzima au zaidi, wakipora mizoga ya fisi, wakinyamaza usiku kwa sababu kunguruma kwenye ardhi ya wenyewe ni kujitakia kifo. Wasio na kwao ndio husukumwa pembezoni, na pembezoni ndiko yaliko mazizi. Mfugaji wa Kisiwani anayepoteza ndama wakati wa kiangazi, mara nyingi amevamiwa na vijana wa namna hii kuliko na wazee wenye himaya.

Haya yamejulikana kwa uvumilivu mkubwa. George Schaller alianza kuwafuata simba wa Serengeti mwaka 1966. Baada yake akaja Brian Bertram, kisha David Bygott na Jeannette Hanby, na kuanzia 1978 Craig Packer na Anne Pusey. Kazi hiyo ilipokezanwa bila kukatika, kwa hiyo simba aliyezaliwa baadaye aliweza kuandikwa chini ya jina la bibi mzaa bibi yake. Mwaka 1979 Bygott, Bertram na Hanby walionyesha kwamba dume aliye katika ushirika mkubwa hupata watoto wengi zaidi kuliko aliye peke yake au na mwenzake mmoja. Wawili hushika kundi kwa muda mfupi na wasiwasi mwingi. Wanne au watano hushika muda mrefu zaidi, na huweza kutawala makundi mawili matatu kwa mpigo.

Swali lililobaki lilikuwa la mgawo. Mwaka 1991 Packer na wenzake walipima vinasaba vya simba wa Serengeti na Ngorongoro wakakuta kwamba katika ushirika mkubwa mgawo si sawa hata kidogo: mmoja au wawili huzaa karibu watoto wote, wengine hupigana, hupata makovu, na kufa bila mtoto. Mpare aliyelima chini ya ndiva atalielewa hili upesi. Ndiva ni ya ukoo mzima na wote huitwa kuzibua tope, lakini maji hayafiki sawa kwa kila shamba, na wa mwisho mferejini huambulia matone. Kwa nini basi dume wa mwisho haondoki? Kwa sababu watoto wa kaka ni damu yake. Vinasaba vilithibitisha: ushirika wa wanne na kuendelea ulikuwa wa ndugu watupu. Wasio na undugu waliungana wawili au watatu tu, ambako kila mmoja ana matumaini ya kweli ya kuzaa.

Kuna jambo ambalo waongoza watalii hulipitia haraka, hasa garini kukiwa na watoto. Ushirika mpya unaposhinda, watoto wadogo wa kundi huuawa. Madume hawana muda wa kulea damu ya waliowatangulia, kwani nao watapinduliwa baada ya miaka michache, na jike anayenyonyesha hukaa karibu miaka miwili bila kuzaa tena. Akipoteza watoto hurudi kwenye joto mapema. Serengeti, takriban robo ya vifo vyote vya watoto wa simba vilitokana na mapinduzi ya aina hii. Majike hupigana, hutoroka na watoto wakubwa kidogo, hujificha. Wana na ujanja wa pili, wa taratibu zaidi: baada ya mapinduzi hupandwa mara nyingi na madume wapya, lakini hukawia miezi kadhaa kushika mimba. Packer na Pusey waliliona hilo na wakaeleza kuwa huenda jike husubiri kwanza ajulikane nani hasa atabaki.

Nikae kidogo hapa kwenye kazi yenyewe ya kuwafuatilia, maana ndiyo inayonivutia kuliko yote, na ndiyo isiyoonekana kwenye filamu.

Huwezi kusema ushirika fulani umeshika bonde fulani kama humjui kila mmoja kwa sura. Sikio lililochanika, jicho lililofifia, mkia uliokatika ncha, vyote husaidia, lakini vyote hubadilika. Dume mmoja anaweza kupata kovu jipya kila masika. Mwaka 1970 Colin Pennycuick na Judith Rudnai walichapisha njia ambayo hutumika mpaka leo, Rudnai akiwa anafuatilia simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Sharubu za simba zimepangwa kwa safu shavuni, na kila sharubu imeota kwenye doa jeusi. Safu ya juu kabisa ina madoa machache, matatu, mawili, pengine moja. Kinachotazamwa ni kila doa la safu hiyo limekaa juu ya nafasi ipi ya safu inayofuata chini yake. Shavu la kushoto halifanani na la kulia, na mpangilio huo simba huzaliwa nao na kufa nao. Mtafiti hubeba kadi yenye mchoro wa mashavu mawili matupu, akajaza vidoa kwa kalamu. Kwa hiyo anahitaji lenzi ndefu, mwanga wa pembeni, na simba atakayegeuza uso pande zote mbili, jambo ambalo dume aliyeshiba hulifanya anapotaka mwenyewe. Kuna watu wamekaa garini nusu siku wakisubiri shavu la kulia.

Pua nayo husema umri. Simba mdogo ana pua ya waridi. Kadiri anavyokua madoa meusi huongezeka, na akifika miaka mitano, sita, karibu nusu yake imeshakuwa nyeusi. Nitairudia pua hii baadaye, kwa sababu imeingia hadi kwenye biashara ya bunduki.

Serengeti kuna nyasi fupi na miamba ambako simba hulala akionekana kutoka mbali. Mkomazi vichaka vya miiba hufunga macho hatua ishirini mbele, na mwezi wa nne nyasi humfunika simba aliyesimama. Hapo kazi nyingi hufanywa ardhini, alfajiri, kabla gari la kwanza halijapita kwenye vumbi. Wayo wa simba hauna alama za kucha, kwa maana huzificha anapotembea, na ukingo wa nyuma wa kisigino chake una mikunjo mitatu. Fisi huacha kucha. Chui ana wayo wa namna ile ile ya simba ila mdogo. Wayo wa mbele wa dume mzima ni mpana kuliko kiganja cha mtu. Nyayo mbili za ukubwa huo zikienda sambamba kwa kilomita nzima, bila ndogo kati yao, ni habari kamili: madume wako doria na majike wameachwa nyuma. Njiani utakuta ardhi imeparuliwa kwa miguu ya nyuma, na kichaka kilichorushiwa mkojo uliochanganyika na harufu ya tezi, kwa urefu wa kiuno cha mtu. Vichaka vile vile hutumika tena na tena. Ukivitia kwenye ramani kwa msimu mmoja, mstari unaanza kuonekana. Ukirudia mwaka unaofuata, mara nyingi mstari umehama.

Kola za kielektroniki, ambazo hifadhini huitwa visukuma mawimbi, zimerahisisha mengi na kuongeza gharama. Kumfunga simba mmoja kunahitaji daktari wa wanyamapori, dawa ya usingizi, magari mawili, na kibali. Serengeti walichagua kwa miaka mingi kumvika jike mmoja tu katika kila kundi, kwa hesabu nzuri: jike habanduki kwao, na ukimpata yeye, mapema au baadaye utawakuta madume. Dume ana shingo inayoendelea kunenepa na manyoya yanayobana kola, na anaweza kupinduliwa na kuhamia kusikofikika kabla betri haijamaliza hata nusu ya uhai wake. Kuanzia 2010 ziliongezwa kamera 225 zilizotegeshwa mitini katika kilomita za mraba 1,125, zikipiga picha kila kitu kinachopita. Nyingi zilipiga nyasi zinazotikiswa na upepo.

Hata hivyo, chombo cha kwanza cha mpaka wa simba ni koo lake. Usiku tulivu ngurumo husikika kilomita nane. Karen McComb na wenzake walichukua spika mpaka Serengeti, wakapiga ngurumo za simba wageni karibu na makundi waliyoyajua. Majike waliposikia mgeni mmoja walisogea kumkabili. Waliposikia watatu, walisogea kwa tahadhari au walikaa, kutegemea wao wenyewe walikuwa wangapi. Simba huhesabu kwa masikio. Kisha Jon Grinnell, pamoja na Packer na Pusey, akajaribu kwa madume, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalikuwa tofauti. Dume aliisogelea sauti ya mgeni hata pale mwenzake alipokuwa hayupo kumwona, na hata mwenzake huyo asipokuwa ndugu yake. Hakuangalia nyuma kuona kama anasaidiwa. Kwa dume hakuna cha kuhesabu sana: akilipoteza kundi, hatapata jingine kirahisi.

Yote hayo ni ya Serengeti, na mimi huwa na wasiwasi kila ninapoona kanuni ya Serengeti inabandikwa nyikani huku kana kwamba simba ni mmoja kila mahali. Simba wa Tsavo na Mkomazi hufahamika kwa kitu kimoja tangu enzi za wakoloni: madume wengi hawana manyoya marefu ya shingoni, au wana kidogo tu, kama kijana aliyeanza kuota ndevu. Peyton West na Packer walitengeneza sanamu za simba zenye manyoya ya rangi na urefu tofauti, wakaziweka nyikani na kupiga sauti za fisi waliogombea mzoga ili simba waje. Majike waliiendea sanamu yenye manyoya meusi. Madume waliikwepa yenye manyoya marefu, wakaichagua ya manyoya mafupi. Lakini manyoya meusi yana gharama: mwenye nayo mwili wake hupata joto zaidi, na mbegu zake hupata kasoro. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2002. Sasa chukua joto la tambarare ya Same mwezi wa pili, maji yaliyo mbali, na miiba inayonyofoa kila kinachoning'inia, utaona kwa nini simba wa nyika hii wanaishi bila pambo hilo.

Mwaka huo huo wa 2002 Roland Kays na Bruce Patterson walieleza walichokiona Tsavo Mashariki, na kwa maoni yangu ni muhimu kuliko suala la manyoya. Makundi yalikuwa na majike saba hivi kwa wastani, na kila kundi lilikuwa na dume mmoja tu. Serengeti kundi la ukubwa huo lingekuwa na madume wawili, watatu, wanne. Huku mmoja alishika yote, bila kaka, bila mshirika. Mnyama wa kuwinda amesambaa, makundi yako mbalimbali, na wavamizi pia ni wachache. Kwa ramani ya simba hii ni tofauti kubwa: mpaka unaolindwa na madume watatu ukimpoteza mmoja bado una walinzi. Mpaka wa mmoja hauna akiba.

Ajabu ni kwamba simba maarufu kuliko wote wa nyika hii walikuwa wawili. Daraja la reli la mto Tsavo liko kilomita kama 150 kutoka Shengena kwa mstari ulionyooka, ndani ya nyika ile ile. Kuanzia Machi hadi Desemba 1898 madume wawili wasio na manyoya shingoni waliwala wajenzi wa reli ya Uganda mpaka kazi ikasimama. Luteni Kanali John Henry Patterson, ambaye hana undugu na huyo mtafiti, alimpiga wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Alizitumia ngozi kama mazulia, akaziuza mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field Museum huko Chicago, na huko wapo mpaka leo wakiwa wameshindiliwa ndani ya kioo. Idadi ya waliokufa imekuwa ikipanda na kushuka. Vibarua wa Kihindi waliandikwa 28, kwa kuwa walikuwa kwenye daftari la mishahara. Waafrika waliokufa hakuna aliyewaandika. Baadaye Patterson alitaja 135.

Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali zilizobaki kwenye mifupa na manyoya ya simba hao. Makadirio yao yalikuwa watu 35 kwa jumla, na mgawo ukawa wa kushangaza: mmoja alikula kama 24, mwenzake kama 11. Yule mlaji mkubwa alikuwa na jino lililovunjika na usaha kwenye mzizi wake, maumivu ambayo yangemfanya aogope kumkaba nyati shingoni. Walivamia kambi pamoja na bado hawakula sawa. Kisha Oktoba 2024 zikaja habari za ndani zaidi. Katika mashimo ya meno yao yaliyovunjika kulikuwa na nywele zilizoshindiliwa kwa zaidi ya karne, na Alida de Flamingh na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walizitoa na kuzisoma vinasaba. Walikuta twiga, choroa, kuro, pundamilia, binadamu, na nyumbu. Vinasaba vya upande wa mama vya simba wenyewe vilifanana, jambo linalokubaliana na dhana ya zamani kuwa walikuwa ndugu.

Nyumbu ndiye aliyewasumbua. Kumbukumbu za wakati ule hazikuwaweka nyumbu karibu na daraja; waliojulikana walikuwa umbali wa kilomita 90 hivi. Ama nyumbu walikuwepo na hawakuandikwa, ama ndugu hao wawili walitembea eneo kubwa kuliko lile ambalo historia imewafungia, na daraja lilikuwa kona moja tu ya himaya yao. Mimi naegemea hili la pili, kwa kuwa nyika ni ile ile na dume wa nyika hutembea. Bila kola wala kamera, unywele mmoja kwenye jino bovu umefungua upya mjadala wa mpaka wa madume waliokufa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Ushirika huisha kwa njia chache. Njia ya kawaida ni vijana. Machi 2023 Serengeti ilimpoteza Bob Junior, dume aliyetawala na kaka yake Tryggve kwa karibu miaka saba, aliyeuawa na madume wadogo waliotaka makundi yake. Njia ya nadra ni uzee: Scarface wa Maasai Mara, aliyesifika pamoja na Morani, Sikio na Hunter, alikufa Juni 2021 akiwa na miaka 14, umri ambao madume wachache sana huuona. Na kuna wanaokataa kuisha. Uganda, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna ndugu wawili, Jacob na Tibu. Jacob alipoteza mguu wa nyuma kwenye mtego wa majangili mwaka 2020. Usiku mmoja wa Februari 2024, saa chache baada ya kupigwa na madume wengine, waliingia kwenye Mkondo wa Kazinga wenye viboko na mamba, wakajaribu, wakarudi, wakajaribu tena, na mwishowe wakaogelea zaidi ya kilomita moja hadi ng'ambo. Alexander Braczkowski na timu yake waliwapiga picha kwa ndege nyuki yenye kamera ya joto. Walieleza kuwa huenda walifuata majike: katika hifadhi ile majike wamepungua kiasi kwamba kwa kila jike kuna madume wawili, kinyume cha inavyopaswa kuwa. Hesabu iliyoharibiwa na sumu na mitego ya watu imewalazimisha simba kufanya yasiyo ya simba.

Sasa kifo cha mkono wa binadamu. Mei 2023, kaskazini mwa Kilimanjaro, karibu na Amboseli, dume aitwaye Loonkiito mwenye miaka 19 aliingia zizini na kuchomwa mikuki. Alikuwa mzee sana, hana kundi, na kwa hesabu baridi ya kundi kifo chake hakikupindua chochote. Dume wa miaka sita mwenye watoto ni hasara ya namna nyingine. Ndiyo sababu ya ile pua. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Packer na wenzao walionyesha kwa hesabu kwamba wawindaji wa kitalii wakipiga tu madume waliopita miaka mitano, sita, idadi ya simba haitikisiki, kwa sababu watoto wa kwanza wa dume huyo wameshakua. Tanzania ikaweka miaka sita kuwa kiwango cha chini, na mwindaji anatakiwa kuitazama pua kabla ya kufyatua. Jinsi mtu anavyoikagua pua ya simba kupitia darubini ya bunduki jioni ya mwisho ya safari aliyoilipia maelfu ya dola, sijui. Naacha msomaji akisie.

Ndani ya Mkomazi hakuna uwindaji. Kinachomuua dume huku ni ugomvi wa ng'ombe. Sheria inatambua hasara ya mfugaji: kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kufa. Fedha hizo ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe mnadani na huchelewa, na mwenye ng'ombe aliyeliwa usiku wa leo hasubiri karatasi ya halmashauri. Ng'ambo ya mto Ruvu, Simanjiro, kuna jibu lililofanya kazi vizuri zaidi: mazizi yenye uzio wa waya uliofungwa kwenye miti hai, ile inayoota kwa kuchomeka kijiti tu, ambayo hunenepa mwaka hadi mwaka na kuufanya uzio uwe mgumu zaidi badala ya kuoza. Simba hauruki, na fisi hauchimbi. Uzio wa aina hiyo ungekuwa na thamani zaidi upande wa Kisiwani na Maore kuliko mahali ambapo kila kundi lina madume watatu, kwa sababu ile ile ya Kays na Patterson. Dume mmoja wa nyika akipigwa mshale kwenye zizi mwezi wa tisa, hakuna kaka wa kubaki kunguruma. Ukimya wake husikika ndani ya kilomita nane kila upande, na vijana waliokuwa wakinyamaza pembezoni huanza kusogea. Watoto wa chini ya miezi tisa wakiwepo hawatafika masika.

Majike nao watapandwa, watakawia miezi yao kadhaa, watabeba mimba siku 110, na uzao wa kwanza wa wenye mji wapya utaonekana mwaka mwingine kabisa, kama nao hawajapigwa. Katika taarifa ya hifadhi kifo kile kimeandikwa simba mmoja. Upande wa Kenya, kama kundi lilikuwa limevuka wiki hiyo, huenda hakijaandikwa kabisa. Nchi mbili zinahesabu nyika moja kwa fomu mbili, na dume aliyepigwa picha Kisima, ndani ya Mkomazi, mwezi wa sita anaweza kuwa ndiye yule yule wa Tsavo Magharibi wa mwezi wa nane, akiwa na namba nyingine. Kulinganisha mashavu ya kadi za Same na yale ya kadi za Voi, upande wa Kenya, ni kazi ya wiki chache kwa mtu mmoja mwenye macho mazuri na meza kubwa.